Kabati la Vyura wa Maître Casimir

Mume wangu Casimir amefundisha jometri kwenye shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita, na kwa muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kumwona ameshika nyundo. Mguu wa kiti ukilegea, alikisogeza kiti ukutani na kuchukua kingine. Viti vilipokwisha tukaanza kukalia makreti ya bia, ambayo angalau hayalegei. Kwa hiyo siku aliponitangazia, mbele ya sahani ya bukari, ugali wetu, kwamba atatengeneza kabati kwa mikono yake mwenyewe, nilimwekea kiganja kwenye paji la uso kuangalia kama ana malaria.

"Sina homa, mama Séphora," alisema. "Kabati ni nini? Miguu ine, mibao, misumari. Ni jometri tu. Mi nafundisha bile bintu kila siku."

Kabati lenyewe halikuwa la nguo zangu, ambazo ziko kwenye masanduku mawili tangu tulipooana. Halikuwa la sahani wala la vitabu. Lilikuwa la vyura.

Inabidi nieleze, maana watu wengi wakifika hapo huniomba nirudie. Binti yetu Séphora alisoma biolojia, na kwa kazi yake ya kumaliza masomo alichunguza namna vyura wa matete wanavyoitana. Aliwakamata kumi na mmoja kando ya mto Naviundu, mita mia mbili kutoka nyumbani kwetu, akawaweka kwenye masanduku matatu ya vioo aliyoyaunganisha mwenyewe kwa silikoni. Ndani akatia changarawe, udongo, maji kidogo, matawi na majani. Alipopata nafasi ya kuendelea na masomo Kisangani, alimwomba baba yake amtunzie kwa wiki mbili tu, mpaka apate mtu wa kuwachukua. Wiki hizo mbili sasa zina mwaka na nusu.

Na mjue ni vyura wa namna gani. Hawazidi ncha ya kidole gumba. Wengine ni kijani, wengine wana mistari kama kitenge. Ndugu zao wako mtoni kwa maelfu, na msimu wa mvua wanapiga kelele mpaka redio haisikiki. Mtu yeyote wa Naviundu anayetaka chura anafungua mlango tu. Lakini hawa wa kwetu walikuwa na taa yao, kipimo chao cha joto, maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi, na mwalimu mwenye kravati shingoni aliyewapigia mluzi kila asubuhi kabla ya kunisalimu mimi. Mwezi wa saba, baridi ilipobana na umeme ukakatika siku tatu, mbabula yetu ya makaa iliwekwa sebuleni karibu na masanduku. Mimi nilikuwa jikoni, nimejifunga vitenge viwili, napuliza vidole. Nilipouliza kama makaa yatarudi jikoni, niliambiwa kwamba mimi naweza kuvaa koti.

Chakula chao ni nzi. Mimi nauza samaki wa kukaushwa kutoka Kasenga, kwenye kibanda kidogo mbele ya nyumba. Basi kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuweka mkoba chini, Casimir alichukua wavu mdogo aliokuwa ameushona kutokana na chandarua na kuanza kukamata nzi juu ya mabeseni yangu, huku anahesabu kwa sauti. Wateja walipouliza, nilisema ni mkaguzi wa afya. Wengine walimsalimu kwa heshima kubwa.

Sanduku moja lilikuwa juu ya friji, la pili juu ya meza ya televisheni, na la tatu, lililo kubwa kuliko yote, juu ya meza ya kulia. Mimi nilibakishiwa kona. Mchana wa siku ile ya bukari, nilipokuwa napanga sahani kwenye hiyo kona, kiwiko changu kiligusa kioo, kifuniko kikateleza, na chura mmoja akatua katikati ya sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo. Casimir alimtoa kwa kijiko, akamwosha kwa maji ya uvuguvugu na kumwomba radhi. Sombe haikuombwa radhi. Wala mimi.

"Papa Séphora," nilimwambia, "hii meza ni ya bantu ao ni ya bachula. Chagula."

Ndipo likaja lile tangazo la kabati.

Ng'ambo ya barabara, hatua thelathini kutoka mlangoni kwetu, kuna karakana ya Mwelwa. Milango ya nusu ya mtaa huu ameitengeneza yeye, na viti vya kanisa letu pia. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, ana penseli nyuma ya sikio kila wakati. Nilijua kwamba zamani alikuwa mwanafunzi wa Casimir, na kwamba aliacha shule. Zaidi ya hapo sikujua. Bado alimwita maître, yaani mwalimu. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa karakana na kusema, "Bonjour maître, mulilala muzuri?" Na kila asubuhi Casimir alijibu "Bonjour" akiangalia nguzo ya umeme.

"Juu ya nini haulombe Mwelwa akutengenezee?" nilimwuliza.

"Mwelwa iko na kazi mingi."

"Niko namuona. Ameketi, anakunywa chai."

"Basi anapumuzika. Tumuache apumuzike."

Kazi ilianza na karatasi. Kwa wiki mbili Casimir hakugusa ubao hata mmoja, alichora. Michoro ilifika kumi na moja. Wa nne ulikuwa na mguu mmoja peke yake, umeonyeshwa kutoka mbele, kutoka pembeni na kutoka juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Wa saba ulikuwa kabati zima: kimo cha kufika kifuani, rafu ya juu ya masanduku mawili, rafu ya kati ya lile kubwa, na chini kabisa milango miwili ya kuhifadhia nyavu, vipimo na chupa za nzi. Sikatai, mchoro ulikuwa mzuri. Niliubandika jikoni. Nilisema kama mambo yakiharibika, tutaweka vyura juu ya mchoro.

Mbao alizinunua kwa mtu anayeziuza kando ya barabara ya Kasenga, ambaye alimwapia kwamba zimekauka tangu mwaka jana. Msumari wa kwanza ulipoingia, maji yalimrukia Casimir kwenye miwani. Aliifuta, akaniambia huo ni unyevu wa kawaida. Msumeno aliuazima kwa katekista. Katekista naye alikuwa akikatia kuni. Kila ubao ulipimwa mara tatu na kukatwa mara moja, mahali pengine. Mguu mmoja ulitoka mfupi, kwa hiyo akaipunguza mingine mitatu ifanane nao. Halafu mmoja kati ya hiyo mitatu ukatoka mfupi zaidi. Kimo cha kufika kifuani kikashuka hadi kiunoni. Niliuliza kama kabati litakwisha kabla ya kufika sakafuni, naye akaniomba nimletee maji ya kunywa.

Lakini nisimwonee. Alikuwa akirudi kutoka shule, anavua shati, na anafanya kazi uani mpaka jua linashuka, mtu wa miaka hamsini na minne mwenye mikono laini kama ya padri. Malengelenge yalimtoka kwenye viganja vyote viwili, yakapasuka, akayafunga kwa kitambaa na kuendelea. Kwa miaka ishirini na minane ya ndoa sikuwahi kumwona akirudia kitu alichoshindwa. Nilikuwa nakaa kwenye kibanda changu, nafukuza nzi ambao siku hizo alikamata wachache tu, namwangalia. Kuna siku nilitaka kumpelekea mafuta ya kupaka mikononi. Nilimpelekea, nikamwambia ni ya kupaka msumeno, ili asione aibu.

Baadaye ikaja habari ya rangi. Alipaka vernis, yaani vanishi, mara tatu, ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Siku hiyohiyo akampigia Séphora simu kumwonyesha.

"Papa, iko muzuri sana," alisema. "Lakini chula anapumuaka na ngozi yake. Ile vernis itabaua bote."

Casimir alimshukuru, akakata simu, akakaa juu ya kreti. Kesho yake alianza kuikwangua. Ilichukua siku sita na karatasi ya msasa ya mtaa mzima, na vumbi lake liliwafunika samaki wangu wa Kasenga mpaka mteja mmoja akaniuliza kama sasa nauza waliopakwa unga tayari kwa kukaanga.

Mbao nazo zilikuwa zinakauka sasa, kwa wakati wao. Mlango mmoja wa chini ulijikunja, ukawa unafunguka wenyewe kila mtu akipita karibu. Casimir akaweka ndoana. Akasema mlango unaofunguka wenyewe, Ulaya watu wanautafuta.

Siku kabati lilipokwisha kusimama uani, Mwelwa alivuka barabara. Ilikuwa mara ya kwanza. Alisalimu, akazunguka kabati polepole, mikono nyuma. Aliinama, akachungulia upande wa nyuma, ambao ulikuwa wazi, hauna ubao hata mmoja.

"Maître," alisema, "na kwa nyuma?"

"Nyuma ni ya hewa," alijibu Casimir. "Bachula bananusa hewa."

Mwelwa alimwangalia, kisha akaliangalia kabati. Akachukua penseli nyuma ya sikio. Akairudisha.

"Bien, maître. Mubakie na kazi muzuri."

Akavuka barabara akarudi kwake. Casimir alisugua ubao uliokuwa umekwisha kusuguliwa, kwa muda mrefu.

Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi, baada ya misa, kabati liliingizwa sebuleni na uzinduzi ukafanyika. Nasema uzinduzi kwa sababu kulikuwa na mgeni wa heshima, dada yake mkubwa Casimir, yaya Agnès, anayeishi Katuba. Yaya Agnès alikuwa akiamini tangu mwanzo kwamba mtu anayefuga vyura sebuleni amepatana na kitu fulani, na kwamba kitu hicho siku moja kitakuja kudai haki yake. Casimir alimwita ili aone kwa macho kwamba ni sayansi. Alikuja, akakaa kwenye kreti lililo karibu na mlango wa nje, mkoba wazi sakafuni kando ya mguu wake. Ndani ya mkoba niliona chupa ya maji ya baraka.

Séphora alikuwa kwenye simu, kwa picha. Tulimsimamisha juu ya meza, akiegemea kikombe. Tulibeba masanduku moja baada ya lingine, mawili rafu ya juu na lile kubwa rafu ya kati. Changarawe, udongo na maji. Mgongo wangu unayakumbuka. Halafu Casimir akasimama mbele ya kabati lake, akafunga kitufe cha koti, akahutubia.

"Munaona," alisema, akionyesha kwa kidole, "buzito bunashuka mu miguu yote ine, sawasawa."

Aliposema sawasawa, kabati lilianza kuinama.

Halikuanguka. Lingeanguka tungeokota vioo na kuendelea na maisha. Liliinama kuelekea kushoto, taratibu, kona zote zikikubaliana, kama mtu anayesinzia kanisani, mpaka ule mstatili wa mchoro wa saba ukawa kitu kingine kabisa. Nilikuwa upande wa kushoto. Nililipokea kwa nyonga na bega. Casimir aliruka akalikumbatia kutoka upande wa pili, akilivuta kwake. Masanduku ya juu yaliteleza kidogo, yakasimama. Lile la kati likagonga mguu wa kabati, kifuniko kikatoka, na vyura wanne wakashuka sakafuni, kila mmoja na safari yake.

"Usiachilie," alisema Casimir.

"Niachilie nini? Niko nalibeba sawa mutoto."

"Papa? Mama?" Séphora aliuliza kutoka mezani. Kikombe kilikuwa kimepinduka, naye alikuwa akiangalia dari. "Kuko nini?"

"Hakuna kintu, mutoto wangu," alijibu baba yake, shavu lake likiwa limebanwa kwenye ubao. "Tutakuita nyuma, ku simu."

Yaya Agnès alikuwa ameinua miguu yote miwili juu ya kreti. Nilimwambia, kwa heshima yote niliyoweza kuipata katika hali ile, "Yaya, mutusaidie. Muende kule ng'ambo ya barabara, muite Mwelwa."

"Hapana," alisema Casimir. "Si Mwelwa."

"Basi nani?"

"Mtu mwingine. Katekista."

"Katekista anakata kuni. Papa Séphora, mi naita Mwelwa ao naachilia. Chagula."

Yaya Agnès aliangalia sakafu, akapima umbali, akashuka na kutoka kwa hatua za mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Tukabaki wawili, tumeinama, tumelikumbatia kabati, yeye huku na mimi kule. Tulikuwa tunaonana kupitia pale nyuma palipoachwa wazi kwa ajili ya hewa. Nilikuwa na maneno tayari, mengi na mazuri, niliyoyakusanya tangu ule mchoro wa kwanza. Nilikuwa nachagua nianze na lipi, ndipo nikaona uso wake. Haukuwa uso wa mtu ambaye kabati lake limeinama. Niliuona mara moja tu kabla ya siku hiyo, tulipomzika mama yake.

"Mama Séphora," alisema, "ile mutoto, mi njo nilimufukuza."

"Mutoto gani?"

"Mwelwa. Alikuwa mu mwaka ya ine. Nilikuwa nafundisha diagonale, ile mustari inatoka kona inaenda kona. Akasimama, akaniuliza: maître, hii diagonale inasaidia nini mu maisha? Mi nikafikiri ananichekelea. Nikamuambia mbele ya benzake bote: kwa we, haitasaidia kintu. Kichwa yako ni mubao, enda ku mibao. Batoto balicheka sana." Alilivuta kabati kidogo. "Kesho yake hakurudia. Na keshokutwa."

"Kumbe hakukuwa anakuchekelea."

"Hapana. Alitaka kujua tu. Nilimuona mu macho, hata ile siku."

Chura mmoja alipanda juu ya mguu wangu, akapumzika, akaendelea. Kabati lilikuwa zito. Nilihesabu miaka kichwani: kumi na sita. Miaka kumi na sita mume wangu alikuwa akivuka barabara kila asubuhi akiangalia nguzo ya umeme, na mimi nilidhani ni maringo. Yale maneno yangu mazuri niliyameza yote. Niliongeza bega, nikasema, "Simamia mguu wako muzuri, utateleza."

Mwelwa aliingia na yaya Agnès nyuma yake. Hakucheka. Aliangalia mara moja tu, akavua viatu kwa heshima ya nyumba, akapita nyuma ya kabati, akainama, akaweka bega lake chini ya rafu ya juu na kulisukuma mpaka likasimama wima. Alitazama kona hii, akatazama kona ile.

"Mushike hivyo," alisema. "Nakuya."

Alirudi na upapi mrefu wa mbao, bisibisi na skrubu mdomoni. Aliuweka upapi ule upande wa nyuma, kutoka kona ya juu kulia mpaka kona ya chini kushoto, akaukaza juu, katikati na chini. Kazi yote haikuzidi dakika tano.

"Mama, muachilie," aliniambia.

Niliachilia. Kabati halikusogea.

"Maître, muachilie sasa."

Casimir hakuachilia.

"Maître. Haitaenda fasi yoyote."

Aliondoa mkono mmoja, halafu wa pili, huku vidole vikiwa bado vimekunjwa, tayari kulidaka. Lilisimama. Alilisukuma kidogo kwa kiganja, kisha kwa nguvu zaidi. Likatulia tuli. Alipita nyuma, akaangalia ule upapi uliokatiza kutoka kona hadi kona, akapitisha kidole juu yake mwanzo hadi mwisho.

"Diagonale," alisema kwa sauti ndogo.

"Eh, maître," alijibu Mwelwa, akiokota skrubu iliyobaki. "Shiye tunaiita tu mubao ya kukaza."

Baada ya hapo tulitafuta vyura. Ni kazi nzuri ya kufanya watu wanapoona haya, maana kila mtu anapiga magoti na hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Wa kwanza alikuwa chini ya friji, wa pili kwenye kiatu cha Mwelwa, wa tatu alikuwa amerudi mwenyewe kwenye maji, nadhani alikuwa mwenye akili kuliko sisi. Wa nne hakuonekana. Tulisogeza makreti yote. Mwishowe yaya Agnès alinyanyua mkoba wake, akachungulia, akabaki hivyo, ameganda.

"Iko humu," alisema. "Iko juu ya maji ya baraka."

Casimir alinyoosha mkono, lakini dada yake alimzuia. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akaufunika mkono wake, akauingiza polepole na kumtoa yule chura. Alimshika karibu na uso wake. Koo la chura lilikuwa linapanda na kushuka.

"Njo mudogo hivi?" aliuliza. "Na iko na baridi hivi?"

"Ni vile bako, yaya."

"Mi nilifikiri ni kintu ya nguvu." Alimtazama tena kwa muda, kama aliyepunjwa. Kisha akamrudisha ndani ya kioo mwenyewe na kuuliza wanakula nini. Casimir alipomjibu, alisema kwake Katuba nzi wako wengi sana, atamletea.

Mwelwa alikuwa anavaa viatu mlangoni. Alimwambia Casimir kwamba upapi ule utalishika kabati kwa siku chache tu, kwa sababu mbao zilikuwa mbichi na misumari itaanza kutoka yenyewe. Inafaa libomolewe na kufanywa upya kwa mbao kavu. Casimir alisema amesikia. Nilingoja aseme na lile jingine. Alimshukuru kwa upapi.

Jumatatu alipotoka shule hakuchukua wavu. Alikunja michoro yake yote kumi na moja, akavuka barabara. Kutoka kibandani niliwaona wamesimama mbele ya meza ya kazi, Casimir akiongea na kuonyesha kwa mikono, Mwelwa akitikisa kichwa kwa kukubali. Ilichukua karibu saa nzima. Aliporudi nilimwuliza kama amemwambia.

"Nilimuambia."

"Ulimuambia nini?"

"Nilimuambia michoro yangu ilikuwa sawa, ni mibao njo ilikosa."

Nilirudi kwa samaki wangu.

Walifanya kazi pamoja wiki tatu, jioni na Jumamosi. Casimir alijifunza kushika randa. Alijifunza pia kwamba ubao haujali mtu amefundisha miaka mingapi. Mara mbili nilisikia wakibishana kuhusu miguu mpaka barabarani, na mara ya pili Mwelwa aliingia kwake, akafunga mlango, akaacha maître nje na penseli. Kesho yake waliendelea. Kabati lililotoka mle ni zuri, sitaki kusema uongo. Halina msumari hata mmoja unaoonekana. Milango inafunga. Kwa nyuma kuna ubao wenye matundu ya hewa. Vyura wote kumi na mmoja wamo, na hawajaonyesha shukrani yoyote.

Jumamosi moja baada ya hapo, Mwelwa alikuja kununua samaki. Alichagua, nikamfungia, lakini hakuondoka. Alitoa karatasi mbili mfukoni mwa shati, zimekunjwa mara nne.

"Mama, maître aliniandikia barua," alisema. "Aliiacha juu ya meza ya kazi, akaenda mbio."

Alinipa niisome. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa juu ya unene wa miguu na hatari za kununua mbao kando ya barabara. Nusu ya ukurasa wa pili ilikuwa juu ya pembe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zile nyingine, kulikuwa na mistari mitatu: *Swali lako la mwaka ule lilikuwa swali zuri. Jibu langu lilikuwa baya, na nilijua ni baya siku ileile. Nakuomba unisamehe.*

Niliisoma mara mbili. Nzi walikuwa wamejaa kwenye beseni na sikuwafukuza.

"Munafikiri napashwa kujibu?" aliniuliza Mwelwa.

"Umujibu. Lakini fupi. Ile ndefu yeye tayari alimaliza."

Alichukua penseli nyuma ya sikio, akapiga goti kando ya meza yangu, akaandika kwenye kipande cha karatasi ya kufungia samaki. Alinikabidhi bila kukikunja, akavuka barabara haraka kama mtu aliyeiba.

Nilimpa Casimir akiwa sebuleni. Aliisoma amesimama. Ilisema hivi: *Maître, nilishasamehe siku mingi. Jumamosi ingine mukuye mapemma, kuko milango ine ya kuranda.* Alivua miwani, akaivaa tena. Kisha mkono wake ukaenda mfukoni, ukatoa kalamu, na nikaona ncha yake ikishuka kuelekea lile neno lenye m mbili. Ilisimama juu ya karatasi.

Akafunika kalamu, akairudisha mfukoni. Akaniuliza kama ana shati lolote bovu la kufanyia kazi.

Nilimwambia yote ni ya namna hiyo, achague.